Nilimzika Baba Mdogo Ngazini

Kwanza kabisa, baba mdogo wangu yuko hai. Yuko Iringa, mzima wa afya, na msimu wa ulanzi ukifika anakuwa mzima kuliko sisi wote. Nasema hivyo maana tangu juzi napokea meseji za pole kutoka kwa watu ambao mara ya mwisho tuliongea sekondari. Aliyesambaza klipu ni mpiga besi wa bendi tuliyokuwa tunairekodi, na mpiga besi yule ana chumvi kuliko ng'onda wa Feri. Kasema nililia. Sikulia. Kasema nilipiga magoti. Nilichuchumaa, tena nilikuwa nachomoa waya. Sasa tulieni mwenye aibu asimulie mwenyewe.

Wanaoijua studio ninayofanyia kazi pale Sinza wanajua shida yake. Chumba cha kurekodia ni mita tatu kwa nne, ukuta mzima sponji, na sponji ilipoishia tukamalizia na trei za mayai. Ukipiga kofi humo, kofi linafia mkononi. Kwa kuimba ni raha. Kwa dramu ni msiba, na samahanini kwa neno hilo. Snea, ile dramu ya mlio mkali wa kupasuka, inasikika kama mtu anagonga boksi la viatu.

Maiki ya karibu unaisogeza vidole viwili vitatu kutoka kwenye ngozi ya snea, nayo inasikia fimbo na ngozi, basi. Ukubwa wa dramu unatoka kwenye chumba. Sauti inakwenda ukutani, inagonga, inarudi imechelewa kidogo, sikio linasema ahaa, hapa pana nafasi. Ndiyo maana unaweka maiki nyingine mbali, za kusikiliza chumba. Mafundi mitambo wengi wanaijua habari ya John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, pale Headley Grange, jumba la kizamani huko Hampshire, Uingereza: dramu zikawekwa chini kwenye ukumbi wa kuingilia, Andy Johns akaweka maiki mbili juu ngazini. Albamu ikatoka 1971, na mpaka leo watu wanaikimbiza ile sauti. Mwenzenu nikajiuliza, kwani sisi ngazi hatuna?

Tunazo. Jengo lina ghorofa tatu, ngazi za zege tupu, hazijaona rangi wala plasta ya maana. Ukikohoa chini, wa ghorofa ya tatu anakuletea tangawizi.

Basi Jumamosi ikaja bendi ya dansi, watu wazima, na kiongozi wao ni Mzee mmoja anayeheshimika, hacheki ovyo. Kadi yetu ya sauti ina chaneli nane. Kiki, snea, tam mbili, na maiki mbili za juu ya matoazi: sita. Zilizobaki mbili nikazipandisha ngazini, nikazifunga kwenye bomba la kushikia kwa mpira wa tairi la baiskeli, nikaacha mlango wa studio wazi. Kutoka kwenye dramu ni kama mita saba, kwa hiyo sauti inafika imechelewa milisekunde ishirini hivi. Nilimweleza Mzee habari hizo za milisekunde kwa mkono mmoja kiunoni. Naona aibu hata kuandika.

Mara ya kwanza tukaharibiwa na muuza kahawa. Alipita nje anagonganisha vikombe vyake, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na kusema ukweli alikuwa ndani ya mapigo kuliko mpiga dramu wetu. Tukarudia.

Mara ya pili nikabonyeza rekodi, wimbo ukaanza vizuri, na simu yangu ikatetemeka. Mama Ubwabwa.

Mama Ubwabwa ana kibanda cha chakula kona ya pili. Namdai. Yaani ananidai, mnaona hata kalamu inataka kunisaidia uongo. Shilingi 38,500, wali wa wiki tatu. Kwa wiki hizo tatu nilikuwa napita njia ya nyuma, kwenye mtaro, kama kicheche. Simu yake nilishaikata mara tatu asubuhi ile, na mtu mzima ukimkatia mara ya nne anakuja mwenyewe. Kupokea mbele ya Mzee siwezi. Nikatoka taratibu kwenda kuongelea pale ninapoongeleaga simu zote za madeni, maana pametulia na pana kagiza.

Ngazini.

Ndiyo. Nimewaona mlivyoshika vichwa. Nilizifunga maiki zile kwa mikono yangu, hazijamaliza hata nusu saa, nikaenda nikakaa chini yake, ngazi ya tatu, kandambili mguuni. Nikamwamkia Mama, akaitikia, akaniuliza hela yake iko wapi. Nikamwambia niko Iringa, tumefiwa. Mengine mtayasikia, msiwe na haraka. Nilirudi ndani wimbo ukikaribia kuisha, mwepesi, nimetua mzigo.

Tukakaa kusikiliza. Hapa niwaeleze kompresa, maana ndiyo iliyoniua. Inaibana ile sauti kubwa, halafu wewe unainyanyua yote kwa pamoja, kwa hiyo vidogo vilivyokuwa chini navyo vinapanda. Mimi nikabana maiki za ngazini 20 kwa 1, yaani kubana kwa nguvu kweli kweli, na kuachia haraka sana. Ukifanya hivyo, dramu zikiwa zinapiga zinafunika kila kitu. Zikinyamaza tu, kompresa inaachia, na kilichokuwa kimejificha nyuma ya dramu kinatoka kifua mbele.

Na wimbo ule una mahali, kabla ya chemko, pale wimbo unapopamba moto, ambapo dramu zinanyamaza bar nne, yaani mapigo kumi na sita. Mzee alitaka kusikia hapo hasa. Nikamwambia, Mzee, hapa ndipo utasikia chumba. Nikazima maiki za karibu, nikaacha za ngazini peke yake, nikakifunga kipande kile kizunguke ili kijirudie chenyewe, nikapandisha sauti. Nikakunja nne kwenye kiti.

Mlango ukafunguka. Mama Ubwabwa na hotipoti. Mzee alikuwa amemtuma kijana wake akaagize sahani sita za wali, na kibanda cha karibu ni kipi?

Hakusema kitu. Alisimama tu, kanga begani, ananiangalia. Na mimi nikamwangalia. Mkono wangu ulikuwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kitufe cha kusimamisha, na haukwenda. Nimeuuliza mkono huu tangu juzi, haujanijibu.

Dramu zikanyamaza. Mapigo 100 kwa dakika, bar nne, hizo ni sekunde tisa na nukta sita. Sekunde ya kwanza ikapita na hewa ya ngazi, tamu jamani, pana, mpiga gitaa akatikisa kichwa kukubali. Ya pili ikaja kandambili, chwa, kwenye zege. Ya tatu ikaja pumzi, kama mtu anajiandaa kusoma risala. Halafu ikaja sauti yangu, kushoto na kulia, kubwa, na mwangwi wa kanisani:

"Ngoma imenyamaza kwa sababu wanashusha mwili, mama."

Kimya.

"Ndiyo. Mwili wa baba mdogo."

Kimya tena. Hotipoti ikawekwa chini.

"Wakishafukia tu, wataanza tena."

Na dramu zikaingia, rolu ndefu, chemko likalipuka kama harusi ya Mbagala. Kwa sababu wimbo naujua! Nilijua dramu zinarudi bar ya tano, nikazipangia kazi kabisa. Hivi mtu mwenye akili ya kupiga hesabu hiyo anashindwaje kukumbuka maiki?

Mmesahau kitu. Kipande kile kilikuwa kinazunguka.

Kwa hiyo kikarudi mwanzo, dramu zikanyamaza, hewa ya ngazi, kandambili, na baba mdogo akazikwa mara ya pili mbele ya watu saba. Mpiga besi alikuwa ameshalala chini. Mpiga dramu alikuwa anauma fimbo. Mzee peke yake hakucheka. Alivua kofia akaniambia, "Pole sana, kijana wangu. Na bado umekuja kazini?"

Hapo ndipo nilipochuchumaa nikachomoa waya.

Mama Ubwabwa ndiye aliyevunja ukimya. Na hakupaza sauti, ndiyo inayouma. "Baba, mimi nilikuwa nakusikia kwa masikio mawili. Huku simu, huku dirishani kwangu. Ndiyo maana nikakuuliza mbona ngoma imekatika, nikuone utasemaje. Ya kwenye simu ilikuwa inachelewa kidogo."

Siku nyingine zote mlango wetu unafungwa, sauti haitoki. Siku ile nimeufungua mwenyewe kwa ajili ya Headley Grange, mtaa mzima unasikiliza rekodi. Mama Ubwabwa alikuwa maiki ya tatu ya chumba, na ndiye aliyekuwa amekaa mahali pazuri kuliko zote.

Yaliyofuata ni haraka haraka. Mpiga besi akazungusha kofia, eti rambirambi. Zikapatikana 14,000. Mama akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akasema bado 24,500, akapakua wali wa watu wote isipokuwa mimi. Mzee alipoelewa alichelewa kidogo, ila alipocheka alicheka mpaka akaomba maji. Bar zile nne nimezirekodi upya jana usiku saa nane, ngazi tupu, nimesimama pale juu na kidole mdomoni nazuia mpangaji wa ghorofa ya pili asipite na ndoo. Mzee anasema zimetulia, lakini zile za mwanzo zilikuwa na uhai zaidi. Sijui alimaanisha nini na sitaki kujua.

Ile klipu imeshafika kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo amepiga mara nne tangu nianze kuandika hapa. Sijapokea. Chumbani mke wangu yupo, sebuleni shemeji yupo. Nikaongelee wapi? Ngazini?