Mafuta ya mimea kwa samaki wa baharini: mizani haioni kila kitu

Mafuta ya samaki yanayozalishwa duniani kwa mwaka ni takriban tani milioni 1, na sehemu kubwa yake huishia katika chakula cha samaki wanaofugwa. Kiasi hicho kimesimama palepale kwa miaka mingi, ilhali ufugaji unapanuka. Na Peru ilipofuta msimu wa kwanza wa uvuvi wa anchoveta, samaki wadogo wanaokamuliwa mafuta hayo, mwaka 2023, kwa kuwa samaki wachanga walikuwa wengi mno, bei ya mafuta ilipanda. Ndiyo maana hoja ya wanaotaka mafuta ya mimea, yaani ya soya, kanola na kitani, yachukue nafasi ya mafuta ya samaki katika chakula hicho ina uzito. Tena mafuta ya mimea hayana dayoksini (kemikali zenye sumu) nyingi kama zile zinazojikusanya katika mafuta ya samaki wa porini.

Majaribio nayo yanawaunga mkono kwa kiasi kikubwa. Sibrimu na sibasi, samaki wa baharini wanaofugwa Mediterania, hukua vizuri hata asilimia 60 hivi ya mafuta ya samaki inapoondolewa, mradi unga wa samaki ubaki wa kutosha.

Lakini mizani hupima uzito tu. Samaki wengi wa baharini, tofauti na sato wa maji baridi, hawana uwezo wa kutosha wa kuigeuza omega-3 fupi ya kitani kuwa EPA na DHA, yaani omega-3 ndefu ambazo mwili wao unazihitaji, kwa sababu baharini huzipata zikiwa tayari ndani ya mawindo yao. (Tasi, mla mwani, ni tofauti: mwaka 2010 watafiti walibainisha kuwa ana kimeng'enya cha kuitengeneza DHA mwenyewe.) Mpasue samaki aliyelishwa mafuta ya mimea kupita kiasi: ini lake huweza kuwa limepauka na kuelekea umanjano, na chini ya hadubini seli zimejaa matone ya mafuta yaliyokisukuma kiini pembeni, ingawa uzito wake ni sawa na wa mwenzake mwenye ini zima. Kwa lava, yaani samaki aliyetoka tu kwenye yai, hali ni mbaya zaidi, maana DHA ndiyo inayojenga ubongo na retina, na lava asiyeona mawindo hawezi kula.

Watetezi hujibu kwamba samaki akirudishiwa mafuta ya samaki wiki kadhaa kabla ya kuvunwa, EPA na DHA hupanda tena katika minofu. Ni kweli, na naikubali njia hiyo. Ila asidi ya linoleiki, aina ya omega-6 ambayo ni zaidi ya nusu ya mafuta ya soya, hung'ang'ania mwilini, na mlaji hununua minofu yenye omega-6 asiyoitarajia.

Kwa maoni yangu, mafuta ya mimea yanafaa katika kipindi cha kukuza, si kwa lava, na kanola, yenye linoleiki kidogo zaidi, itangulizwe mbele ya soya. Pengo la DHA linaweza kuzibwa kwa mafuta ya vijidudu vya baharini kama Schizochytrium, ambavyo huitengeneza vyenyewe bila kupitia kwa samaki yeyote; na kwa kuwa bado ni ghali, yachanganywe kidogo kidogo ndani ya mafuta ya kanola.