Usomi wa Bando: Cheti cha Ng'ambo na Benchi la Mahakama ya Mwanzo

Binti wa jirani yangu hapa Nyegezi alimaliza kidato cha sita, akakosa mkopo wa chuo, na siku hizi taa ya simu yake haizimiki hadi saa nane za usiku. Watu wakidhani ni mapenzi. Kumbe anasoma kwa bando la usiku kozi ya msaidizi wa kisheria, inayotolewa na kampuni moja ya ng'ambo. Juzi alinionesha somo lenyewe: jinsi wakili wa Marekani anavyodai nyaraka kutoka upande wa pili kabla kesi haijasikilizwa, na jinsi msaidizi wake anavyozipanga na kuzipa namba. Somo limepangika kweli. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii kazi utaifanyia wapi?" Akacheka. "Baba, ngoja kwanza nimalize."

Swali langu halikuwa la kumvunja moyo. Jina ni moja, kazi ni mbili. Kule Marekani msaidizi wa kisheria ni mwajiriwa wa ofisi: anakaa chini ya wakili, anaandaa nyaraka, mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Kwetu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imemtambua msaidizi wa kisheria kama mtu wa jamii, aliyepata mafunzo yanayokubalika na kusajiliwa, anayeelimisha na kuelekeza watu bure. Hasimami mahakamani kumtetea mtu, wala hatozi ada. Anayetoza huku hana sifa tunamjua kwa jina lake, kishoka, na Mwanza hatuna upungufu wa vishoka. Kwa hiyo tangazo la kozi kama hiyo, linaloahidi "taaluma yenye kipato", huenda halisemi uongo. Linasema ukweli wa nchi nyingine.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaobeza masomo ya mtandaoni kwa jumla. Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikifundisha watu walio mbali na darasa tangu miaka ya 1990, na hakuna anayekiita cha mchezo. Mfikirie mwalimu wa kisiwa cha Ukara mwenye mtoto mchanga: kuja mjini ni kuvuka maji, kupanga chumba, na kumwachia nani mtoto? Sheria nayo ni somo la kusoma, haihitaji maabara. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za nchi, na tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Anayejua kutafuta hukumu kwa simu ameshampita mwenye kabati la vitabu vya zamani.

Tatizo ni kwamba sheria huoza kama sangara asiyetiwa barafu. Mabaraza ya kata yalikuwa yakiamua migogoro midogo ya ardhi. Mwaka 2021 yakaondolewa mamlaka hayo, yakabaki na usuluhishi. Video iliyorekodiwa kabla ya hapo bado inaelea mtandaoni, na anayeifuata atamwambia mkulima wa Magu akadai hukumu mahali ambapo haitolewi tena. Mwalimu wa darasani utamnyooshea kidole. Video haikusikii.

Halafu lipo benchi la mahakamani, ambako watu husubiri na karatasi zao. Mjane anafika mahakama ya mwanzo na mfuko wa rambo. Ndani mna cheti cha kifo, kadi ya benki, na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Cheti kina majina mawili ya marehemu, kadi ina matatu, na kwenye muhtasari wa ukoo jina limeandikwa kwa herufi tofauti. Kabla ya kufika kwenye fomu yoyote, kuna kazi ya kuoanisha majina hayo kwa kiapo. Shemeji mtu kasimama kando, anamjibia kila swali. Mama mwenyewe anaeleza vizuri kwa Kisukuma, lakini akigeukia Kiswahili anafupisha, na kilichofupishwa ndicho hasa kilichomleta: shamba limeshauzwa. Nyuma ya yote kuna Tamko la Sheria za Mila la 1963, linalogusa urithi wa kimila, ambalo shemeji analijua kwa faida yake bila kuwahi kulisoma. Kumtoa shemeji pale kwa adabu, asione kafukuzwa, ni ujuzi. Sijaona kozi inayoufundisha kwa video.

Ndiyo maana mimi nampa mtandao nusu ya kazi, na pengine ile nusu rahisi. Nilimwambia binti asiache kusoma, ila fedha ya moduli zilizobaki aishikilie kwanza. Kama anataka mshahara, astashahada au stashahada ya sheria ya chuo kinachotambulika nchini, iwe Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto au hapa jirani, itamfikisha karibu zaidi na ajira kuliko cheti cha ng'ambo. Kama anataka kusaidia watu, aulize kwanza kama mafunzo yake yatakubaliwa kwenye usajili, kisha aombe kukaa na wasaidizi wa kisheria waliokwisha sajiliwa.

Jumatatu alikwenda. Alirudi jioni amechoka, simu imezima chaji. Akaniambia kutwa nzima hakutaja kifungu hata kimoja. Alikuwa akimsomea bibi mmoja barua ya wito, mara tatu, polepole, hadi bibi akashika tarehe.