Wanapenda kwanza, mahesabu baadaye

Makala nzuri, ila hapo unaposema wawekezaji wakubwa "huamua kwa takwimu" umewapamba mno. Tazama FTX, soko la sarafu za kidijitali. Mwaka 2021 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, aliongea kwa video na wakubwa wa Sequoia, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye kampuni changa, akawamwagia ndoto ya programu moja ambayo mtu angefanyia kila kitu na pesa zake. Wakaanza kuandikiana palepale kwamba wamempenda. Kumbe jamaa muda wote alikuwa anacheza League of Legends, mchezo wa kompyuta! Na Sequoia wenyewe walilisimulia hilo kwenye tovuti yao kama sifa, kabla ya kuifuta habari yenyewe. Wakawekeza, na FTX ilipoanguka Novemba 2022 hisa zao humo wakaziandika sifuri, zaidi ya dola milioni 210.

Utasema hawakukagua. Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, ilisema iliikagua FTX kwa miezi kama 8, na bado ikapoteza dola milioni 275. Mimi naona mtu akishapenda, ukaguzi hugeuka kutafuta sababu za kukubali.

Halafu mbona wanawake wanaoomba mtaji hukuwagusa? Mtafiti Dana Kanze na wenzake walichunguza mashindano ya New York ya TechCrunch, tovuti ya habari za teknolojia, ambako waanzilishi wa kampuni changa walihojiwa na wawekezaji: wanaume waliulizwa zaidi biashara yao itakuaje kubwa, wanawake watajikingaje na hasara. Waliopewa swali la hasara lakini wakajibu kwa lugha ya kukua walichangisha fedha nyingi zaidi kuliko waliojibu kwa lugha ya kujikinga. Kwa hiyo dada unayeenda kuomba mtaji, ukiulizwa "wateja wakianza kukimbia utawazuiaje?", jibu, kisha uhamie haraka kwenye ukubwa wa soko.