Nawaamini Wavunja Kufuli

Mwishoni mwa Julai 2022, Wouter Castryck na Thomas Decru wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walitoa karatasi iliyowanyima wenzao usingizi. Walikuwa wameandika programu, wakaiendesha kwenye kiini kimoja tu cha prosesa ya kawaida, na baada ya saa moja hivi ikatoka na ufunguo wa siri wa SIKE, mfumo wa kufungia siri za mawasiliano ya kompyuta. SIKE ilibuniwa mahususi ili ihimili kompyuta za kwantamu, zile zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana. Majuma machache kabla ya hapo ilikuwa imepenya hadi raundi ya nne ya mchujo wa mifumo ya aina hiyo unaoendeshwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Ikaja kuuawa na mashine ya kawaida kabisa.

Wapo waliocheka. Mimi ndipo nilipoanza kuwaamini wavunja kufuli hawa.

Silaha iliyotumika haikuwa hata mpya. Ilitokana na nadharia ya Ernst Kani ya mwaka 1997, iliyokaa robo karne kwenye majarida ya hisabati bila mtu kushuku kwamba ni ufunguo wa kufuli la mtu. Tena Castryck si mgeni aliyeruka ukuta. Ni mtu wa fani hiyohiyo, na jina lake limo kati ya waliobuni CSIDH, binamu wa SIKE, mwaka 2018. Kikulacho ki nguoni mwako, ila safari hii kilikula kwa faida ya mwenye nguo.

Chanzo cha hekaheka zote hizi ni Peter Shor, ambaye mwaka 1994, akiwa Bell Labs, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingeifungua RSA, mfumo wa kufungia siri unaotumika sana. RSA inaegemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini ukipewa jibu tu uzitaje zile mbili, utakesha. Mashine ya kufanya kazi aliyoieleza Shor bado haipo. Ila tazama hesabu inavyoteremka. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2048 kungehitaji biti za kwantamu milioni 20 kwa saa nane. Mwaka 2025 Gidney akarudi na makadirio mapya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Tofauti hiyo haikuletwa na mafundi wa mitambo. Imeletwa na mtu aliyekaa akapiga hesabu upya.

Anayesema tungoje mashine ije kwanza anasahau kwamba mawasiliano ya leo yanaweza kunaswa leo na kuwekwa ghalani hadi siku ya kufunguliwa. Ujumbe wa kupanga miadi hautakuwa na thamani miaka 15 ijayo. Faili la mgonjwa litakuwa nayo.

NIST ilitoa mwito wa mifumo ya kuhimili kwantamu mwaka 2016, mapendekezo 82 yakaja, 69 yakakubaliwa kuingia uwanjani. Kilichofuata, kwa maoni yangu, ndicho kilichotupa kinga: miaka ya kushambuliana hadharani. Rainbow, mfumo wa sahihi za kidijitali, ilifika hadi fainali, kisha Februari 2022 Ward Beullens akaonyesha kwamba kompyuta mpakato moja na wikendi moja vinatosha kuivunja. Agosti 2024 viwango vitatu vya kwanza vilichapishwa, ML-KEM, cha kukubaliana funguo za siri, kikiwamo. Sikiamini kwa sababu ya muhuri wa serikali. Nakiamini kwa sababu watu wenye akili kali wamekipiga nyundo miaka mingi na bado kimesimama.

Hata hofu zao huwa wazi. Aprili 2024 Yilei Chen wa Chuo Kikuu cha Tsinghua alitoa karatasi iliyodai njia ya kwantamu ya kulishinda tatizo la latisi (hesabu za gridi za nukta zenye vipimo vingi), msingi ambao ML-KEM imejengwa juu yake. Siku nane watu walishika roho mkononi. Kisha kosa likaonekana katika hatua ya 9, naye Chen akaandika mwenyewe palepale kwenye karatasi kwamba hajui namna ya kulirekebisha. Mkitaka kunionyesha uungwana wa kisayansi, nionyesheni ukurasa ule. Anayeniuzia algoriti ya siri “isiyovunjika” simsikilizi hata dakika moja.

Ndiyo maana nasimama na wanaofunga kufuli mbili kwa pamoja, la zamani na jipya, hata kama mzigo unaongezeka. Na kweli unaongezeka: ufunguo wa umma wa X25519, kufuli la zamani, ni baiti 32, wa ML-KEM-768, jipya, ni 1,184. Kwenye sahihi za kidijitali ndiko kuna maumivu zaidi, maana Ed25519 ya zamani hutumia baiti 64 na ML-DSA-65 mpya hutumia 3,309. Kwa kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, hilo si jambo la kupuuza.

Machi 2025 NIST ikachagua HQC, mfumo mwingine wa kukubaliana funguo, kuwa akiba ya ML-KEM, ingawa ni nzito zaidi, kwa kuwa haitegemei latisi. Ikiwa latisi itaanguka, pawe na pa kukimbilia. Na hiyo HQC nayo, sina shaka, kuna mtu usiku huu ameitandaza mezani anaitafutia ufa.