Ooty kuweka kikomo cha magari: sawa, ila wanahesabu magari tu

Kama ushawahi kumsindikiza mgonjwa Chennai au Vellore, au una mdogo wako anasoma Bangalore, jina la Ooty utakuwa ushalisikia. Ni mji wa milimani kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, mita kama 2,240 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Aprili na Mei huku chini jua likianza kugonga digrii 40 kila mwenye gari anataka kupanda huko. Mzunguko wa wageni wengi ni ule ule, hekalu la Meenakshi pale Madurai, kisha mlimani kwenye baridi na mashamba ya chai, kisha tembo wa hifadhi za Mudumalai au Periyar, na wote wanaufanya miezi ile ile.

Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Madras, ndo ya jimbo la Tamil Nadu, ilielezwa kwamba msimu ukikolea magari zaidi ya 20,000 yanaingia Nilgiri kwa siku moja. Ikaamuru kuanzia Mei 7 kila gari la mgeni liombe kibali mtandaoni. Mwanzoni kila aliyeomba alipata, kwa hiyo ilikuwa ni kuhesabu tu. 2025 ndo wakakaza, magari 6,000 siku za kazi na 8,000 wikendi, na wafanyabiashara wa Nilgiri wakafunga maduka kupinga.

Mimi wale siwalaumu hata kidogo. Mtu anauza karoti pembeni ya barabara au chokoleti za kutengeneza nyumbani ambazo Ooty inasifika nazo, ile miezi miwili ndo inambeba mwaka mzima, sasa ukimpunguzia magari kwenye msimu wenyewe atakula nini Agosti mvua ikinyesha? Na mgeni aliyekosa kibali anageuza anaenda Munnar, jimbo la Kerala, hela inahamia kwa jirani.

Ila nenda kaone mlima wenyewe. Kule juu kuna nyasi na vipande vya msitu wanaita shola, vinanyonya maji ya mvua na kuyaachia taratibu mpaka mito ya huku chini inapata, na kwenye majabali yake anaishi tahr, mbuzi mwitu ambaye hapatikani kokote duniani zaidi ya milima hii ya kusini mwa India. Chini yake uwanda wa Sigur ni njia ya tembo, na kule hoteli zilijengwa mpaka zikaiziba, ikabidi Mahakama ya Juu ya India mwaka 2020 ikubaliane na amri ya kuifungua. Sisi tunaopita Mikumi usiku tunajua barabara na wanyama zinavyogombana, wenzetu wa hifadhi ya Bandipur, jirani na Nilgiri, walishafunga barabara kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi tangu 2009.

Na kuwekewa mipaka si jambo geni kwao. Hekalu la Sabarimala liko ndani kabisa ya hifadhi ya chui milia ya Periyar, na mahujaji wanajiandikisha siku na muda wa kupanda. Hifadhi ya Eravikulam, karibu na Munnar, wanaifunga kila mwaka tahr wakizaa.

Kwa hiyo kikomo naunga mkono. Kinachonikera ni kwamba gari la watu wawili na gari la watu kumi yanahesabiwa sawa, halafu vitanda vya hoteli havihesabiwi, wakati maji na takataka vinafuata vitanda. Basi za serikali na treni hazihitaji kibali, safi, lakini ile treni ya reli ya meno inayopanda mlima kutoka Mettupalayam, mji wa chini ya mlima, ni kilomita 46 kwa karibu masaa 5 na viti vinaisha mapema mno. Bila kuongeza basi nyingi na maegesho ya maana pale Mettupalayam, atakayepanda ni mwenye intaneti ya haraka, na muuza karoti ndo atakayelipa gharama.

Ukienda na gari la kukodi, mgeni wa nje anaomba kibali kwa imeili, hauhitaji namba ya India. Chupa za maji za plastiki usibebe, wanakagua njiani. Na ukiweza panda basi.