Kicheko cha jikoni: kwa nini It Ends with Us inawagawa wasomaji

Nimeirudia It Ends with Us, riwaya ya Colleen Hoover, safari hii na kalamu mkononi, maana nimechoka kusikia watu wanabishana kuhusu hiki kitabu kama vile kila mmoja kasoma chake. Huyu anakwambia kimemliza na kimemfanya amwelewe mama yake aliyevumilia kipigo miaka na miaka, yule anakwambia ni kitabu cha hatari, kinawafundisha mabinti kwamba mwanaume akikupiga halafu akalia basi anakupenda. Na wote wawili wanaongea kwa uchungu wa kweli. Kama hujakisoma ujue naeleza mpaka mwisho wake.

Kwa ufupi tu, kilitoka 2016 lakini kilipaa kweli kuanzia 2021 pale wasomaji wa TikTok walipoanza kujirekodi wakilia, mpaka 2022 kikaongoza kwa mauzo Marekani. Lily Bloom anahamia Boston, anafungua duka la maua, anampata Ryle Kincaid, daktari wa upasuaji wa ubongo, mzuri, mcheshi, maneno anayo. Wanaoana. Pembeni yupo Atlas, ambaye Lily alimpenda akiwa na miaka 15 wakati kijana wa watu hana hata pa kulala.

Sasa mi naona ugomvi wote unaanzia jikoni. Wamekunywa mvinyo, wanataniana, chakula kinaungua kwenye oveni, Ryle anakurupuka kukitoa, kinamuunguza mkono, chombo kinadondoka kinapasuka. Na mkono wenyewe ndo wa kazi, ndo anaofanyia upasuaji. Lily anacheka, kile kicheko cha mtu aliyechangamka na hajajua kama mwenzie kaumia kweli, na mara anajikuta chini, kajigonga kabatini, damu inatoka jirani na jicho. Ryle ameshapiga magoti anaomba msamaha. Lily mwenyewe anasema zilikuwa sekunde 15 tu.

Anayekitetea kitabu atakwambia hapo ndo uwezo wa mwandishi ulipo, na mimi kwa hili nipo naye kabisa. Maana hadi kufika jikoni umeshampenda Ryle. Ukisoma unajikuta unamtafutia sababu, alikuwa ameungua, alikuwa amekunywa, hakukusudia, halafu unashtuka kwamba hizo ndo sababu zile zile ambazo umewahi kumsikia mtu mzima akizitoa na ukamuona mjinga. Lily naye alikulia nyumba ambayo baba alikuwa anampiga mama, aliapa hatokuwa kama mama yake, kwenye mazishi ya baba alitakiwa ataje mambo matano mazuri ya marehemu akasimama mbele za watu kimya. Na bado anamsamehe Ryle. Kitabu kingemchora Ryle kama shetani tangu ukurasa wa kwanza, kila msomaji angesema mimi ningeondoka siku hiyo hiyo, na kisingemgusa mtu.

Ila wanaokipinga nao wanakurudisha nyuma kidogo, wanakwambia soma vizuri, huyo mwanaume unayesema ulimpenda alikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo. Mara ya kwanza kuonekana yuko juu ya paa anapiga kiti mateke kwa hasira. Baadae anagonga milango 29 kwenye jengo anamtafuta Lily amuombe walale wote usiku mmoja tu, na kitabu kinakusimulia kama kitu cha kuchekesha, cha kimahaba. Hapa nilikuwa nabisha, nilivyorudia nimekubali nusu. Kile kiti nadhani kimewekwa makusudi, ni dalili ambayo unaielewa ukishafika jikoni. Lakini ile milango 29 haijarudiwa tena kwa jicho lingine, hakuna sehemu Lily anakaa akasema kumbe hata ile ilikuwa ni kutokukubali jibu la hapana, kwahiyo msomaji wa miaka 14 anaondoka nayo kama ilivyo, kwamba mwanaume anayekutaka kweli hachoki kugonga.

Lawama nyingine ni siri ya utotoni, kwamba Ryle akiwa mtoto alimpiga kaka yake risasi kwa bahati mbaya akafa. Watu wanasema huo ni utetezi, mwandishi anatafuta huruma. Hapa sikubaliani nao, kwa sababu ya Allysa. Allysa ni dada yake Ryle na ni rafiki wa Lily, anaijua hiyo siri maisha yake yote, na ndo yeye anayemwambia Lily kwamba kama dada anatamani Lily amsamehe kaka yake, ila kama rafiki, Lily akimrudia Ryle basi hatoongea naye tena. Mi nikifika pale huwa nafunga kitabu kwanza. Huruma ipo, na bado haitoshi kumrudisha mtu kwenye ile nyumba.

Kitu ambacho sina utetezi nacho ni namna kilivyouzwa. Maua kwenye jalada, rafu ya vitabu vya mapenzi, watu wanashabikia Ryle na Atlas kama timu za mpira. Januari 2023 ikatangazwa kabisa kwamba kunakuja kitabu cha kupaka rangi kutokana na hii hadithi, yaani hadithi ya mke anayepigwa na kusukumwa kwenye ngazi halafu unapewa upake rangi, watu wakaja juu, Hoover akaomba radhi na mpango ukafutwa. Filamu ilivyotoka Agosti 2024 yakarudi yale yale, promosheni ikiwahimiza watu waje na marafiki wamevaa nguo za maua, na filamu ikaingiza kama dola milioni 350. Mtu aliyekimbia ndoa ya kipigo anaingia kutafuta hadithi tamu ya kupumzisha kichwa, hana onyo lolote, anakutana na ile usiku Ryle anamng'ata Lily begani na kutaka kumbaka. Anayekasirika kwa hilo yuko sahihi, na asiambiwe hajaelewa kitabu.

Halafu kuna mwisho. Lily anajifungua binti, anaomba talaka pale pale hospitali, na kwangu hicho ni kipande bora kuliko vyote. Ila miezi kadhaa baadae tunamkuta njiani anampeleka mtoto kwa Ryle, wanagawana siku za malezi, kisha anakimbilia kwa Atlas. Wengi wanalalamikia Atlas, kwamba katoka kwa mwanaume kaingia kwa mwanaume. Mi linalonikaa rohoni ni yule mtoto. Hoover mwenyewe anaeleza mwishoni mwa kitabu kwamba kumbukumbu yake ya kwanza kabisa, ana miaka miwili na nusu, ni baba yake akimrushia mama yake televisheni, na mama aliondoka kabla yeye hajafikisha miaka mitatu. Anasema pia baada ya hapo huyo baba hakuwahi kuwakasirikia yeye na dada zake. Namuamini, ni maisha yake. Ila ni baba mmoja huyo, na nimerudia ule ukurasa mara tatu natafuta Lily amejuaje kwamba siku mtoto akimwaga kitu jikoni kwa Ryle, halafu akacheka, itakuwa salama. Sijaona palipoandikwa.