Beit al-Ajaib na Siasa ya Mifereji ya Paa

Kila unapozuka mjadala wa kulijenga upya Beit al-Ajaib, jumba la masultani la Mji Mkongwe lililoporomoka, mazungumzo ya hapa Unguja huelekea haraka kwenye nani atatoa fedha, nani atapewa kazi, na jengo jipya litafanana kiasi gani na lile tulilolizoea. Ni maswali ya haki. Swali ambalo kwangu linatangulia yote hayo silisikii likiulizwa kwa sauti ile ile: jumba likishasimama, nani atapanda juu ya paa kabla ya masika kuzibua mifereji ya maji, atalipwa kutoka fungu gani, na asipopanda atawajibishwa na nani? Naamini jumba lile liliangushwa, kabla ya sababu nyingine yoyote, na mazoea ya kisiasa yanayothamini uzinduzi kuliko matunzo, na sioni dalili kwamba mazoea hayo yamebadilika.

Kwanza tukumbushane ni jengo la aina gani. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya hafla na sherehe za utawala wake, na akalitaka liwe tofauti na kila nyumba iliyokuwapo mjini. Nyumba za Mji Mkongwe hufuata kipimo cha boriti: mkoko haukui mrefu wala mnyoofu kiasi cha kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba. Barghash aliagiza vyuma kutoka nje, akapata kumbi pana, dari za juu na baraza zinazolizunguka jengo kwa nguzo za chuma. Ufundi wa kienyeji wa mawe ya matumbawe na chokaa ukaolewa na chuma cha kiwandani, na ndoa hiyo ndiyo iliyoleta fahari na ndiyo iliyoleta maradhi, kwa sababu chuma kikipata unyevu wa chumvi ya bahari hushika kutu, kutu hukifanya kivimbe, na kikivimba hupasua kila kilichokizunguka.

Ukuta wa chokaa nao una tabia zake, na mafundi wa mji huu wanazijua vizuri kuliko sisi tunaoandika. Chokaa ya zamani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yakae, na ukuta wake huvuta unyevu na kuutoa tena nje bila kudhurika. Anayekuja na saruji akaupiga lipu ili upendeze haraka huufungia unyevu ndani. Kwa nje utauona mweupe na laini, huku ndani udongo na chokaa vinavyoshika mawe vikilainika taratibu. Hapo mfereji mmoja wa paa ulioziba kwa majani, ukamwaga maji mahali pamoja masika baada ya masika, unatosha kuondoa nguvu ya ukuta ambao hata mizinga ya Waingereza haikuweza kuuangusha. Na hiyo mizinga si mfano wa kubuni: tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga mizinga ikulu ya Sultani, Beit al-Hukm, jumba jirani, liliharibiwa vibaya na mnara uliokuwa mbele ukavunjwa, lakini Beit al-Ajaib likabaki limesimama, na mwaka uliofuata likaongezewa mnara wa saa tuliokuja kuujua sote.

Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka. Halikuwa onyo la kufumba. Ulikuwa ni mporomoko ulioonekana na kila aliyepita hapo, na makumbusho yaliyokuwa ndani yakafungwa. Iliyofuata ni miaka ya tathmini, ziara za wataalamu, ahadi na kusubiri, hadi ukapatikana msaada wa Oman na ukarabati ukaanza. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ikiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. (Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, kwa hiyo siirudii hapa.)

Wakati ule Rais Hussein Mwinyi alikuwa madarakani kwa muda usiofika miezi miwili, na Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa ameapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wiki chache tu kabla. Kuibebesha serikali changa vile lawama ya kuta zilizonyeshewa kwa miongo mingi kungekuwa kukosa uadilifu. Lakini hilo linakata pande zote mbili. Kama kosa ni la awamu zote zilizotangulia, basi awamu ya sasa haiwezi kuridhika kwa kujenga tu. Inapaswa kutuonyesha imebadilisha nini katika utaratibu uliozishinda hizo nyingine, vinginevyo wajukuu wetu watasoma habari za tathmini na ziara za wataalamu kama tulizosoma sisi.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hulisema barazani na kulinyamazia mkutanoni. Kwa baadhi ya wanasiasa wetu, jumba lile halikuacha kamwe kuwa jumba la Sultani, na kulihudumia kwa moyo mmoja kulionekana kama kumrudishia heshima aliyepinduliwa. Kwa wengine limekuwa kielelezo cha ustaarabu wanaodhani ulipotea Januari 1964, nao hulililia kwa namna inayowafanya wale wa kwanza wazidi kulitilia shaka. Pande hizi mbili zimekuwa zikigombana juu ya maana ya jengo huku mvua ikiingia ndani. Mimi naona zote zinakosea, kwa sababu Beit al-Ajaib halikuwahi kuwa la mtu mmoja hata siku lilipojengwa. Waliovunja matumbawe, waliochoma chokaa na waliobeba vyuma mabegani, wengi wao wakiwa watumwa, hawana majina katika kitabu chochote, na kazi ya mikono yao ndiyo iliyosimama pale. Baadaye Waingereza waliweka humo ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi likawa chuo cha itikadi cha chama tawala, kisha likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao, na uani kukawekwa mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari. Mwanamapinduzi anayelikataa jengo hilo anakataa pia sehemu ya historia ya chama chake.

Fedha za Oman, ambazo huzua minong'ono mingi kuliko zinavyostahili, hazinisumbui. Ukoo wa Busaid ulitawala huku na unatawala kule, uhusiano upo na hakuna haja ya kuuonea haya. Linalonisumbua ni kwamba fedha za msaada, zitoke Muscat, Paris au kwingineko, hulipia mradi wenye mwanzo na mwisho, ilhali jengo linahitaji matumizi yasiyo na mwisho. Mfadhili hapewi picha ya gazeti kwa kulipa mshahara wa fundi wa chokaa katika mwaka wa 12 baada ya uzinduzi. Hiyo ni kazi ya dola, na dola hupimwa kwa mambo kama hayo.

Nalizungumzia jumba moja kwa kuwa ni kubwa, lakini maradhi ni ya mji mzima. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kugawiwa familia kadhaa kwa pamoja. Nyingine ziko chini ya Wakfu. Kodi zilikuwa ndogo mno hata kununulia chokaa ya ukuta mmoja, na mpangaji asiye na hati hana sababu ya kukarabati nyumba ambayo si yake. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985, mpango wa hifadhi upo tangu 1994, na UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa hiyo hatukukosa chombo wala karatasi. Siku hizi jibu linalosikika zaidi ni kumkodishia mwekezaji. Silipingi moja kwa moja, maana hoteli nyingine za mji zimeokoa nyumba zilizokuwa zimekwisha. Ila tusisahau Mambo Msiige kule Shangani, ambako jengo jipya la hoteli lililoongezwa ubavuni mwa lile la kihistoria liliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia itulalamikie rasmi. Mwekezaji hufanya anachoruhusiwa, na pale tatizo lilikuwa kwa aliyeruhusu.

Anayedhani matunzo ya kudumu hayawezekani katika nchi zetu aende Kilwa Kisiwani. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Yalitoka kwa sababu kuta ziliimarishwa, mikoko ikapandwa kuzuia bahari isile ufukwe, na watu wa visiwani wakashirikishwa katika kazi yenyewe. Kazi hiyo haikuwa na mbwembwe, na nadhani Watanzania wengi hata hawakusikia kwamba ilifanyika.

Kwa Beit al-Ajaib ningeomba mambo matatu yawekwe wazi kabla ya jiwe la msingi: kila ripoti ya kitaalamu inayohusu kuanguka kwake iwe mikononi mwa umma, kwa Kiswahili, ili familia za waliofariki wasiisikie kwa fununu, kuwe na fungu la matunzo lenye jina la jengo hilo katika bajeti ya kila mwaka, na kazi ya kulijenga itumike kufundisha vijana uchomaji na uzimaji wa chokaa, upigaji wa dari na ukarabati wa chuma cha zamani, kisha waajiriwe palepale. Mawili ya mwisho hayahitaji mfadhili. Yanahitaji Mwakilishi mmoja atakayesimama Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, wizara inapowasilisha makadirio yake, amuulize Waziri ni shilingi ngapi zimetengwa mwaka huu kwa ajili ya mifereji ya paa, na asikae chini mpaka atajiwe kiasi.